Mwanamke Aliyejulikana na Meneja

Katika kiwanda kile cha maziwa hapa Eldoret, meneja Mzungu aliwaita wanawake wote wa banda la kuosha madebe kwa jina moja: Maria. Maria, lete maji. Maria, wewe mvivu. Nanzala naye alikuwa Maria miaka yote hiyo, mikono imebabuka kwa mvuke kama ya wenzake, mpaka uhuru ukaja, Mzungu akaenda kwao, na kiti chake kikakaliwa na Bwana Kiarie.

Siku ya kwanza Kiarie alipanda juu ya kreti akatangaza, "Mlango wangu uko wazi. Mtu akiwa na neno, aje aniambie mwenyewe."

Wengine walipiga makofi wakasahau. Nanzala hakusahau. Mzee Otiende, msimamizi wa banda, alikuwa karibu kustaafu, na bila mshahara wa msimamizi Nanzala hangeweza kumaliza kulipia hisa yake katika shamba ambalo watu walikuwa wakinunua pamoja kule Moiben. Mumewe alikufa akilitamani shamba hilo. Sasa meneja atamchaguaje mtu asiyemjua?

Basi akaanza kupanda ngazi za ofisi. Leo bomba linavuja. Wiki ijayo sabuni imeisha. Hata kama hana neno, lazima apitie mlangoni: "Habari ya asubuhi, Bwana Meneja. Ni mimi Nanzala, wa banda la madebe."

"Mama Meneja huyo anashuka!" wenzake walimcheka. "Leo umepewa chai ama umenusa tu?"

"Chekeni. Nyinyi mtazikwa mkiitwa Maria."

Rafiki yake Wahu, mpole kupita kiasi, alimvuta kando. "Nanzala, mimi hata sura yangu sitaki aione."

"Ndiyo maana utaosha madebe mpaka meno yakuishe."

Na kweli, siku moja Kiarie alipita bandani akaita katikati ya makelele yote, "Nanzala! Habari ya kazi?" Siku hiyo madebe yalikuwa mepesi kama vikombe. Jioni alienda kuwaambia watu wa Moiben wamshikie nafasi yake, cheo kiko njiani.

Halafu mvua ikakosa, maziwa yakapungua, na wakubwa wa Nairobi wakapiga simu: kila banda lipunguze mtu mmoja, leo leo. Nanzala akaitwa ofisini. Alijipangusa mikono, akanyoosha kitambaa kichwani, akapanda akitabasamu kama bibi harusi.

"Pole, Mama," Kiarie alisema, macho mezani. "Kazi yako imeisha."

"Mimi? Nimekosa nini, Bwana Meneja?"

"Hujakosa. Walitaka jina hapo hapo kwenye simu." Akasugua shingo. "Kati ya waosha madebe wote, jina ninalojua ni lako peke yake."

Wahu alikuwa akimngoja chini ya ngazi. Aliposikia, machozi yakamtoka. "Ngoja nipande nikakuombee. Nitamwambia una watoto, una hisa..."

Nanzala alimkamata mkono kwa nguvu. "Usithubutu! Akikuuliza jina, utamwambia nini?"

Wahu akashusha kitambaa mpaka kwenye nyusi, akarudi kwa madebe yake. Ile nafasi ya Moiben ilipewa mtu mwingine kabla mvua haijarudi.