Avoka Nyeusi ya Vuhovi

Leo sokoni Vulamba mwanamke mmoja alikuwa amefunika avoka zake, yaani maparachichi, kwa majani mabichi ya mti huo, na harufu ya majani ikanisimamisha.

Nilipokuwa mtoto, Mama aliuona mti mmoja wa avoka shambani kwetu Vuhovi, katikati ya migomba. Matunda yake yalikuwa marefu na meusi kama mbilingani, na ndani hayakuwa na uzi hata mmoja. Hakuna jirani aliyewahi kuona avoka ya namna ile. Mama hakujua kuandika, akanikalisha na kaye, daftari langu la shule.

"Andika muzuri, mutoto wangu. Sema mafuta yake inanukia sawa karanga."

Nilijaza kurasa mbili. Tukapanda lori mpaka Beni, kumtafuta bwana wa kilimo ili aje kuchukua vijiti vyake avipandikize kwenye miche mingine. Tulikuta bureau, ofisi yake, imevunjwa madirisha. Mlinzi alimwangalia Mama kwa huruma.

"Mama, bazungu balishaenda. Mutu wa miti haiko tena."

Tuliporudi, waasi wa vita vya miaka ile walikuwa wameukata mti wetu ili kufunga barabara. Mama aliokota mbegu moja akaipanda, ingawa alijua avoka ya mbegu mara nyingi haifanani na mama yake.

Ilizaa baada ya miaka mingi. Mama alipasua tunda la kwanza, akaonja kidogo, akanipa.

"Hapana, haiko ile."

Lilikuwa na maji, na nyuzi zilinikwama menoni. Nilimwambia ni tamu. Mama akaenda kufua nguo.