Bendera ya Manjano, Gunia na Mama Mkwe Wangu

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Wa kumsingizia nilimpata zamani, na hilo ndilo kosa lenyewe.

Wajukuu wangu hunicheka nikishika steringi. Taa ikigeuka manjano mimi nasimama, hata kama nyuma yangu kuna foleni ya watu wanaonipigia honi na kunitukana. "Babu, hiyo ilikuwa yetu!" Wanadhani ni uzee. Wacha wadhani.

Wakati wa hali ya hatari, Mwingereza akiwasaka Mau Mau msituni, nilikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja, mchinjaji Mwislamu wa Meru mjini. Kazi yangu ilikuwa kutoa mbuzi Kiritiri na kuwafikisha Meru wakiwa wazima. Njiani kulikuwa na daraja jembamba, gari moja tu linapita, na hom gadi, askari mwenyeji wa serikali pale kwa kizuizi, alikuwa na bendera tatu. Nyeupe, pita. Nyekundu, simama. Manjano maana yake nyekundu iko njiani: kama hujafika kwa lile jiwe lililopakwa chokaa, simama, kama umelipita, maliza daraja.

Rahisi, sivyo? Ungemuuliza dereva yeyote wa siku zile! Hotelini Embu tulibishana mpaka chai inapoa. Kuna mmoja alikuwa anasimama kila manjano, tukamwita Bibi Arusi. Mwingine alisema yeye huangalia mzigo: ndizi za Mitunguu zinasimama, mbuzi hawasimami, kwa sababu ukikanyaga breki ghafla wanaangukiana na kuvunjika miguu, na tajiri hataki maelezo. Mimi nilijigamba kwamba mguu wangu unaamua wenyewe. Ujinga mtupu!

Sasa, siku hizo nilikuwa naoa. Huyo msichana nitamwita Kaari, si jina lake. Kwao ni Kanyakine. Mahari ilikuwa imeanza kwenda, na kusema kweli mtoto pia alikuwa ameanza kuja. Mama yake alikuwa Kiritiri kumwona dada yake mgonjwa, na pasi yake ya kusafiri ilikuwa inaisha jioni ile. Kaari akaniambia, "Mlete mama. Wakimpata nje na pasi iliyokufa, watamfunga."

Shida ni hii. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Ni heshima. Akitaka kukwambia kitu, anamtuma mtu. Kukaa naye kiti kimoja, aai! Lakini serikali ilikataza abiria kukaa nyuma na mzigo. Basi nikasimamisha gunia la mawele kati yetu kama ukuta, yeye akajifunika shuka na kugeukia dirisha lake. Tukaondoka hivyo. Safari nzima nilimsikia akikohoa tu.

Mnaona nilichofanya? Hom gadi husimama upande wa kushoto. Kushoto kwangu kuna gunia, na nyuma ya gunia kuna mama mkwe.

Tulipokaribia daraja nilichungulia juu ya gunia haraka haraka, kama mwizi, nikaona manjano. Ilikuwa imepandishwa sasa hivi, au ilikuwa karibu kushushwa? Sikujua. Aliyeiona ikipanda ni mtu mmoja tu, naye yuko hapo hapo kando yangu, na siwezi kumuuliza! Jiwe lilikuwa bado mbele. Nafasi ya kusimama nilikuwa nayo, hata leo naapa. Lakini nikawaza mbuzi, nikawaza pasi, nikawaza kwamba nikikanyaga breki mama wa watu ataangukia gunia, na gunia litaniangukia mimi. Nikakanyaga mafuta.

Katikati ya daraja tukakutana na gari la askari, pua kwa pua. Hakuna aliyeumia. Mbuzi mmoja aliruka mtoni na sikumwona tena.

Afisa mzungu akashuka, uso mwekundu kuliko ile bendera. Siku zile kuvunja kizuizi hakukuwa kosa la barabarani, jamani! Kulikuwa kusaidia watu wa msituni. Watu walipelekwa kizuizini kwa makosa madogo kuliko hilo. Akaniuliza, "Kwa nini hukusimama?"

Nilifungua mdomo niseme nimekosea. Haki ya Mungu, hilo ndilo nilitaka kusema. Kilichotoka ni hiki: "Huyu mama ameniambia nipite."

Hom gadi alikuwa Mmeru kama sisi. Alinitazama, akalitazama gunia, akaiona ile shuka, akaelewa kila kitu. Akamuuliza kwa Kimeru, polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi, "Mama, kweli ulimsemesha mkwe wako?"

Mama akafunua shuka kidogo. "Ndiyo," akasema. "Nilimwambia apite. Nilikuwa na haraka."

Kwa nini alisema vile? Najua kwa nini. Mimi nikifungwa, binti yake angezaa bila bwana. Wakamteremsha, wakampeleka kizuizini. Mimi nikaambiwa nirudi nyuma ningoje zamu yangu. Nikangoja, bendera nyeupe ikapanda, nikapita.

Mama alirudi maharagwe ya msimu wa pili yakivunwa, amekonda, mikono imepasuka kwa kuchimba lile handaki la kuwazuia watu wa msituni. Akina mama wazee wakamwita wakamuuliza kama ni kweli alimsemesha mkwe. Akasema vile vile. Angesema hapana, maneno yangefika kwa afisa na mimi ningechukuliwa. Wakamtoza kondoo wa kuondoa aibu. Na kondoo kama huyo akichinjwa, aliyekosewa hupewa mguu.

Aliyekosewa ni mimi! Nikaletewa mguu wa kondoo, umechomwa vizuri. Nikaula. Kaari akaniletea na chumvi.

Tukaoana, tukazaa, na jambo lile halikumtoka Kaari moyoni. Kila mama yake akitajwa, "Si angefunga mdomo tu? Alituaibisha!" Mimi nilikuwa namjibu, "Wacha, mke wangu, hayo yalipita." Nikaonekana mtu wa moyo mkubwa. Watu wakanisifu! Mimi!

Mama aliishi miaka mingi. Hakunilaumu kwa mtu yeyote, na kila akivuna ndizi alinitumia mkungu. Nami nikajificha nyuma ya heshima: mkwe hamsemeshi mama mkwe, sasa ningeomba msamaha vipi? Uongo! Ningemtuma mtu. Mtu wa kumtuma nilikuwa nalala naye kitanda kimoja.

Tumemzika mwaka huu. Kaari akasimama mbele ya waombolezaji akasema mama yake alikuwa mwema, ila Mungu amsamehe ule mdomo. Watu wakaguna kwa huruma. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, kofia mkononi. Nikanyamaza tena.

Ndugu zangu mnaoendesha, manjano ikiwaka na hujui imewaka lini, simama. Wakupigie honi mpaka wachoke. Na kama umepita na umekosea, sema ni wewe, hapo hapo, kabla mtu mwingine hajalikubali kosa lako. Akishalikubali, utaona jinsi ilivyo rahisi kumwachia, na utamwachia mpaka kaburini.

Mke wangu husoma ukurasa huu wa gazeti kabla ya kurasa nyingine zote. Akiusoma nitakuwa nimekaa mbele yake, na sitatoka nje kuangalia ng'ombe.

Kaari, mama yako hakunifungulia mdomo siku ile. Hakuniambia hata neno moja.