Chumba cha Pili Hakikanyagwi

Nakumbuka tulipokuwa wadogo Tanga, India ilikuwa uani kwetu. Nasema nakumbuka, lakini mimi niliishia darasa la saba, na kaka yangu Yusufu, anayekaa Northfield, upande wa pili wa jiji hili la Waingereza, anasema huwa nachanganya mambo. Basi tunapotofautiana nitasema.

Sisi ni Wakachi. Dadi, mama yake baba, alizaliwa Kachi, wilaya kavu ya magharibi mwa India, kusini bahari, kaskazini jangwa la chumvi. Mvua zilikosekana miaka mitatu mfululizo, ng'ombe wakaisha, babu akamchukua wakaja Tanga. (Yusufu anasema miaka miwili.) Hakurudi tena. Ila kila Ijumaa akishaswali alichukua kipande cha mkaa, akatuchorea kwenye sakafu ya ua vyumba sita vya kuruka kwa mguu mmoja. Cha kwanza Mandvi, wanakounda majahazi. Cha tatu Bhuj, mji wenye ukuta. Cha nne Nirona, wanakogonga kengele za mifugo, kila ng'ombe na mlio wake. Cha tano Khavda, kwa wafinyanzi. Cha sita chumvi tupu, nyeupe mpaka macho yanauma, hapo unageuka. Ukitua unataja mahali na kazi ya watu wake. Ukikosea unatoka, na Yusufu anakuzomea: "Kengele Khavda? Kalale huko!"

Cha pili kilikuwa kijiji cha Dadi mwenyewe. Hicho hakikanyagwi. Unakiruka, unapiga kelele, "Nimepita, Dadi!" Naye anajibu kutoka jikoni, huku anaupiga mkate wa uwele kwa viganja, pa, pa, pa: "Pita tu, mtoto yangu." Kiswahili chake kilikuwa hivyo, na hatukukosa kumwelewa hata siku moja. Niliwahi kumuuliza kwa nini tusikanyage. Akasema, "Mama yangu iko lala pale." Aliyemaliza bila kukosea alipewa mkate wa kwanza, wa moto, umeungua kidogo pembeni, na siagi na kipande cha sukari guru. Mara nyingi nilikuwa mimi. Yusufu hapo habishi.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Amina, wa miaka tisa, ninayekaa naye hapa Sparkbrook, alileta karatasi ya shule: andika kijiji walikotoka wazee wako. Nikamtajia Mandvi, Bhuj, Khavda, na watu wake wote, bila kusita.

"No, Bibi. Cha Dadi."

Nikahesabu vyumba kwa vidole: Mandvi, kisha Bhuj. Cha pili sina jina lake. Lazima Dadi aliwahi kulitaja jina lile, siwezi kusema hakulitaja. Lakini mimi kila siku nililiruka.

Nikampigia Yusufu. Naye halikumbuki.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukishinda," akasema.

"Na wewe ndiye uliyekuwa ukizomea."

Tukacheka, halafu tukaacha. Karatasi za Dadi zilipotea zamani, na hakuna mwingine wa kumuuliza.

Nikamwendea muuza vitambaa wa Ladypool Road, mtu wa Kachi hasa. Akanitajia vijiji saba vya kati ya Mandvi na Bhuj. "Chagua kimoja, mama. Nani atajua?" Kimoja kilinikaa vizuri mdomoni, nikawa nakitamka njia nzima mpaka nyumbani. Lakini nikikiandika mimi, Amina atawaambia wanawe, nao wataapa kuwa ndicho. Tukaandika ukweli: jina tumelisahau, kijiji kiko kati ya Mandvi na Bhuj.

Jana nikaomba chaki, nikachora vyumba sita mbele ya mlango. Watoto wa siku hizi vidole vyao vyepesi, lakini miguu! Amina alianguka Bhuj mara mbili, akadai chini kunateleza. Sisi tulikuwa na wilaya nzima uani bila picha hata moja. Yeye ana dunia yote kwenye simu, na kijiji kimoja hakimo. Kosa si lake. Ni langu, au la Yusufu, au la Dadi aliyetukataza. Nimejaribu kuligawa sawasawa nimeshindwa.

Nikaingia kukanda unga. Nikamsikia anaruka, anatua kwa kishindo, kisha:

"Nimepita, Bibi!"

Nikajibu kabla sijafikiri:

"Pita tu, mtoto yangu."