Nilipolikondesha Gari la Rimoti

Kuna mlio mmoja ukinifikia pale sokoni, hata kama nimeshambana mteja na tumebakiza kidogo tu tukubaliane, lazima nigeuke. Ni mlio wa gari la rimoti lililozidiwa: mota inalia kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua, matairi yanasugua mchanga, na gari lenyewe haliendi. Mteja akiona uso wangu umebadilika hudhani nimeudhika na bei yake. Namwacha adhani hivyo, inasaidia. Lakini ninyi niwaambie kweli: hasira ile ni ya zamani, niliichukua kijijini kwetu Tingi nikiwa darasa la nne, na mpaka leo haijashuka bei.

Nilikuwa nakaa kwa Bibi, mama yake mama. Mama alikuwa Kilwa Masoko akipika chakula cha kuuza, anakuja Jumamosi moja moja. Baba alikuwa Dar, na kutoka kwa baba zilikuwa zinakuja ahadi. Siku moja, badala ya ahadi, basi likashusha boksi. Ndani mlikuwa na gari la rimoti, lile la matairi manene kuliko gari lenyewe, rangi ya chungwa, mbele limechorwa meno. Bibi, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenzangu, alilizunguka, akaligusa meno kwa kidole, akasema, "Haya, mke mwenzangu, umeletewa ng'ombe. Anakula nini huyu?"

Alikula betri, na alikula sana, kwa sababu alikuwa mzito.

Pale kwetu gari halikupimwa kwa sura. Kulikuwa na lundo la kifusi walilotuachia watengeneza barabara, na watoto walipandisha humo magari yao ya makopo na magurudumu ya kandambili, wakiyavuta kwa kamba. Gari lililofika juu lilikuwa gari. Langu, la kiwandani, lenye waya na taa, lilifika theluthi, likalia ule mlio, likaanza kurudi kinyumenyume.

"Gari la Zaina bi harusi!" akapiga kelele Shomari. "Linangoja kubebwa!"

Shomari alikuwa mtoto wa Mjomba Sefu, kaka yake mama. Alinizidi mwaka mmoja wa umri na miaka kumi ya mdomo. Wakalibeba kweli gari langu juujuu, wanaimba na kupiga vigelegele, mpaka uwanjani kwa Bibi. Kisha Shomari akanipa hukumu. Alishaona Masoko gari kama lile, la mtoto wa ofisa, likipanda ngazi za nyumba. "Lakini lile jepesi, kama pakiti ya sembe ya kilo mbili. Lako limevimbiwa. Ijumaa watu wakitoka msikitini nakungoja kwenye kifusi. Lisipopanda, rimoti nashika mimi. Wewe mtoto wa kike utaendesha nini?"

Nikakubali. Ningefanyaje, na kijiji kizima cha watu wafupi kilikuwa kinanitazama?

Nikaanza kulikondesha. Nilichukua bisibisi ya cherehani ya Bibi na kisu cha kuparia samaki, nikakipasha moto jikoni, na hadi leo harufu ya plastiki inayoungua kwangu ni harufu ya matumaini. Nilitoa bampa, mbele na nyuma. Nikamtoa dereva, maana dereva nilikuwa mimi. Nikakata mabomba ya moshi ya uongo. Matairi niliyakuta yana sponji ndani, na sponji zimekunywa maji ya dimbwi tangu wiki ya kwanza. Nikazikamua kama nguo. Chini kabisa, karibu na betri, nilikuta kipande cha chuma kisichoshika chochote wala kushikwa na chochote. Kiliwekwa ili mnunuzi akilinyanyua aone kweli amenunua kitu. Sasa hivi mimi mwenyewe ni mfanyabiashara, na huyo aliyekiweka, popote alipo, namwamkia shikamoo.

Kila nilipotoa kitu nilikwenda kupima. Mizani ilikuwa barazani kwa Mjomba Sefu, inaning'inia kwenye boriti, ina uso wa duara kama saa. Mjomba alikuwa mnunuzi wa ufuta. Wanawake wa Tingi waliuleta kwenye ndoo na viroba vidogo, naye akapima na kulipa papo hapo. Kwetu mjomba si ndugu tu wa kuja kula sikukuu. Kaka wa mama ndiye msemaji wako: akikuozesha umeolewa, akikukanya umekanyika. Sare yangu ya shule alinunua yeye. Basi mchana akishalala, mimi nilipanda kwenye kigoda, nikaliweka gari kwenye kikapu, nikatundika.

Alhamisi mshale ulisimama kwenye kilo moja na nusu na ushee. Nikacheka peke yangu. Wepesi gani huo! Nilikuwa nimeipita hata ile sembe ya Shomari! Nikakimbilia kwenye kifusi kabla wenzangu hawajatoka shamba. Gari likafika nusu, likalia, likarudi.

Nililibeba njia nzima nikiwa nimenuna, na mkono wangu ulikuwa unabishana na ile mizani. Alasiri hiyo Bibi alikuwa amenituma sembe dukani, pakiti imefungwa vizuri na imeandikwa kilo mbili. Nikaishika mkono huu, gari mkono huu. Gari lilikuwa zito kuliko pakiti. Nikarudi barazani, nikaitundika pakiti. Kilo moja na nusu. Nikaishusha, nikaitundika tena. Mshale ukarudi palepale.

Mtoto mwenye akili angefikiri. Mimi nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hafikiri, anatafuta mtu. Nikampata: mwenye duka.

Duka lilikuwa limejaa wanawake wanaongoja mafuta ya kupikia. Nikapenya katikati yao, nikaweka pakiti juu ya meza.

"Shikamoo, babu. Umetuibia unga."

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema yule mzee bila haraka. "Nimewaibia kiasi gani?"

"Nusu kilo. Nimepima mara mbili."

Akaiweka pakiti kwenye mizani yake ya mawe, upande mmoja pakiti, upande mwingine jiwe la kilo mbili. Zikalingana, zikatulia. "Soma."

"Kilo mbili."

"Sasa hiyo mizani ya kwako, mama, iko wapi?"

Mimi kwa sauti ya kuwafikia mpaka wa nje: "Kwa Mjomba Sefu!"

Wale wanawake wote walikuwa wamemuuzia ufuta msimu ule. Nilitazama nyuso zao nikingoja moto uwake. Jirani yetu Bi Somoe akajifuta midomo kwa ncha ya kanga, akasema, "Kumbe hata sembe ikifika pale inafunga Ramadhani." Wakacheka, wakaomba mafuta yao, wakaondoka. Hivyo tu.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, na hakuniita mke mwenzangu. "Zainabu," alisema, akanishika mkono hadi kwa mjomba, tukipita mbele ya watu waliojifanya wanapepeta. Mjomba alikuwa barazani, chini ya mizani yake. Bibi akanipigisha magoti.

"Mwambie mjomba wako ulisoma vibaya."

"Sikusoma vibaya, Bibi. Nilipima mara—"

"Zainabu."

Mkono wake ulikuwa begani kwangu. Nikasema. Nilisema kwa sauti ya kusikika, kwa sababu majirani walikuwa wameacha kupepeta: nilisoma vibaya, mjomba, nisamehe.

"Mtoto ni mtoto," alisema Mjomba Sefu, mpole kama ubwabwa wa mgonjwa. "Lete hilo gari. Kupunguza uzito kuna wenyewe."

Alisema hivyo, na ufuta wa watu uko nyuma yake umerundikwa mpaka darini.

Na aliweza, mlaaniwa. Alilitazama kidogo tu, akaniambia nimepunguza zaidi mbele nikaacha uzito nyuma, ndiyo maana linainua pua na kuteleza. Akakata bodi yote ya nyuma, akaihamisha betri mbele, chini, juu ya ekseli, akaifunga kwa mpira wa baiskeli. Ijumaa, mbele ya watu waliotoka msikitini, gari langu lilipanda kifusi bila kupumzika, likasimama kileleni. Watoto wakaruka. Mjomba akanikabidhi rimoti yeye mwenyewe, anatabasamu, kila mtu aone jinsi anavyonipenda.

Nilimpa Shomari. "Chukua," nilimwambia, "gari la baba yako hilo." Nikaondoka. Sikuligusa tena.

Msimu uliofuata, Bibi alivuna ufuta wake, akajitwisha ndoo, nami nikamfuata. Hakwenda kwa mjomba. Alikwenda kwanza dukani, akamwomba yule mzee ampimie, akasikiliza, akashukuru. Leo ndiyo leo, nilijisemea, leo kitaeleweka. Tukafika barazani. Mjomba akatundika, akataja kilo zake zilizokonda. Nikamtazama Bibi.

"Haya, mwanangu," alisema. Akapokea hela, akazifunga kwenye pindo la kanga.

Nililia njiani kwa hasira, na Bibi hakunibembeleza wala kunigombeza.

Imenichukua miaka mingi kuuelewa mwendo ule. Bibi hakupima ili amkamate. Alijua zamani, na Bi Somoe alijua, na foleni yote ya mafuta ilijua. Mjomba alilipa siku ileile, shule zinakaribia kufunguliwa, wakati kwingine unapeleka mzigo na kuambiwa ungoje. Mtu akizidiwa, ilikuwa pikipiki ya mjomba iliyomkimbiza Masoko. Walikuwa wanajua wanachonunua kwa ule uzito uliopotea. Bibi alitaka tu kujua, kwa kilo halisi, anampa mwanawe kiasi gani.

Nimeelewa, na hasira ipo vilevile, nimeikagua mara mbili. Kwa sababu ule ufuta ulikuwa wa Bibi, na mtu humpa mwanawe mali yake apendavyo. Lakini lile neno, nilisoma vibaya, lilikuwa langu. Alilitoa akampa, na hakuniuliza.