Fundi Aliyekataa Kumshonea Mchungaji Suti ya Saba

Asubuhi Kilibula, mtaa wa mji wa Uvira, huanza kwa ufagio. Kabla cherehani haijalia, Apolline Mutoni anafagia kibaraza anachokodi kando ya njia, anamwagia maji vumbi lisichafue nguo za watu, kisha anatia makaa kwenye pasi. Ziwa linaonekana kwa mbali kati ya mabati ya nyumba, lakini hana muda wa kulitazama. Mteja wa kwanza tayari amefika: mama mmoja mwenye gauni la kitenge linalombana, naye anaapa kwamba ni gauni lililopungua, si yeye aliyenenepa.

Apolline hacheki. "Bitambaa ya siku hizi iko inapunguka sana mu maji," anamwambia kwa upole, kisha anaanza kufumua mishono ya kiunoni.

Ndivyo alivyo fundi huyu. Anajua nani amenenepa, nani ana mimba ambayo mama mkwe bado hajaambiwa, nani amegeuza koti la marehemu mumewe kuwa la mwanawe. Yote hayo yanapita chini ya sindano yake na yanaishia hapo. Kazi ya fundi, anasema, ni kusitiri watu.

Kwa hiyo mtaa mzima ulishika mdomo, miaka miwili iliyopita, mwanamke huyu aliposimama kanisani na kusema mbele ya watu jambo aliloombwa asilitamke.

Kanisa lenyewe ni dogo, la mbao na mabati, na waumini wake wengi ni watu wa nyanda za juu. Walikuwa wafugaji, vita vikawateremsha mpaka mjini. Mchungaji wao, Osée Kayumba, anawazikia wafu wao, anawapatanisha wanandoa, anakesha hospitalini na wagonjwa wasio na ndugu. Nyumba yake haikuwa na saa ya kufungwa mlango. Waumini nao walimpenda, hilo hakuna wa kulibisha. Kila mwisho wa mwaka walichanga wakanunua kitambaa kizuri, wakampelekea Apolline amshonee mchungaji suti.

Mzee Sylvestre Muhire, aliyekuwa akisimamia mchango huo, anaeleza desturi hiyo ilikotoka. Anakaa juu ya benchi, fimbo katikati ya magoti, na anazungumza polepole.

"Kule juu, mchungaji tulikuwa tunamupa ng'ombe ya kukamua," anasema. "Watoto wake wanakunywa maziwa, yeye haombi muntu. Ng'ombe zikaisha. Tulipofika huku tukasema, angalau asikose heshima. Muntu wa Mungu hawezi simama mbele yetu na nguo ya kupasuka."

Basi suti ikachukua nafasi ya ng'ombe. Ubaya wake ni kwamba suti haikamuliwi.

Apolline ndiye aliyeshona zote, na suti ndiyo iliyompa mwisho mwema wa mwaka. Faida ya hiyo moja ilimlipia kodi ya kibaraza kwa miezi mitatu. Alikuwa akimpima mchungaji kila mwaka, na kila mwaka kiuno cha suruali kilirudi ndani. Mwanzoni alidhani ni kufunga na kuomba. Baadaye akafikiri ni ugonjwa, akamwombea. Kumuuliza hakuthubutu. Huwezi kumuuliza mchungaji kwa nini anakonda. Hata swali lenyewe hujui uliweke wapi mdomoni.

Mwaka wa suti ya saba, kitambaa kilikuwa cha kijivu, kizito, wazee walikichagua kwa fahari. Apolline alikitandaza juu ya meza, akapima, akashika chaki. Mchungaji akaweka kiganja juu ya kitambaa.

"Mama Divine," akamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "hiki kitambaa, kama hakiyakatwa, kinaweza rudishwa ku duka?"

Apolline alidhani rangi haikumpendeza. Akamuuliza kama atafute ya buluu. Mchungaji akasema hapana, rangi ni nzuri, akacheka peke yake, akasema aachane na maneno hayo. Alipokuwa anashuka ngazi alimwomba asimwambie mtu yeyote kwamba ameuliza hivyo.

Apolline alibaki ameketi na chaki mkononi. Suti sita zilikuwa zimening'inia nyumbani kwa mtu yule, na hata moja asingeweza kuiuza. Uvira nzima ingejua kabla ya saa sita mchana kwamba mchungaji anatembeza sokoni zawadi ya kanisa.

Kesho yake alitafuta kisingizio. Alibeba vifungo viwili, akaenda kwa mke wa mchungaji, Élisabeth, kumuuliza kama ndivyo vilivyodondoka kwenye koti. Ilikuwa mchana. Watoto walikuwa wanakunywa uji mwepesi, na hapakuwa na chungu kingine motoni. Élisabeth hakuwa na nguvu za kuficha. Alisema, bila kuinua macho, kwamba mumewe amekubaliana na ndugu yao wa Sange. Sikukuu ya mwisho wa mwaka ikiisha watahamia huko, naye atasimamia mashine ya kukoboa mpunga.

"Atawaambia kanisa ni Mungu anamuita kwingine," Élisabeth alisema. "Kumbe ni njaa ndiyo iko inamuita."

Maneno hayo yalimkata Apolline maini. Akinyamaza, kanisa lingeagana na mchungaji wake kwa nyimbo na machozi, likiamini ni Mungu aliyemchukua. Akisema, angekuwa amevunja neno la mtu aliyemwamini. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo anasimulia huku anatazama pembeni.

"Minye pia niko muntu," anasema. "Kitu cha kwanza nilifikiri ni kodi. Nikisema tusimushonee, minye nitalipa na nini? Nilifikiri hiyo siku mbili nzima, kabla ya kufikiri watoto wa Mchungaji."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wazee walibaki na wamama kupanga sikukuu. Mchungaji alikuwa ameketi mbele. Apolline alikwenda mezani, akaweka kitambaa cha kijivu kikiwa kimekunjwa, hakijaguswa na mkasi, akasema hashoni. Minong'ono ikaanza. Mmoja aliuliza kama amepata kazi ya kumlipa zaidi. Mwingine akasema wanawake wakigombana wasilete ugomvi wao madhabahuni. Akawaacha wamalize.

"Tuko tunamuvalisha Mchungaji, lakini hatumulishi," akasema. "Kwake kuko kostimu sita, na hakuna unga."

Mchungaji Osée alisimama, akachukua Biblia yake, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Kesho yake asubuhi alipita kibarazani. Hakupanda ngazi. "Umenivua nguo mbele ya watu, Mama Divine," akamwambia, akaendelea na safari yake.

Kwa fundi hakuna neno zito kuliko hilo. Kwa wiki nyingi mchungaji alimsalimu kwa mbali, kwa mkono, kama anavyosalimiwa mtu wa kanisa lingine. Apolline alishona huku machozi yanadondoka kwenye vitambaa vya watu. Wateja wakamshauri aende hospitali akaonyeshe macho.

Kanisani aibu ilitangulia, ikafuata hasira, kila mmoja akimuuliza mwenzake kwa nini hakuona. Ndipo kazi ikaanza. Mzee Sylvestre mwenyewe alirudisha kitambaa dukani, akabishana na mwenye duka mpaka akakubali, na pesa ile ikawa unga na maharage. Ndugu wenye mashamba Sange na Lubarika walishangaa kusikia kwamba mtu wa Mungu anakosa muhogo, na wao muhogo unawaozea. Siku hizi wakivuna, gunia la mpunga au la unga linapandishwa juu ya basi dogo la barabara kuu, na kijana wa basi anaambiwa lifikishwe kwa nani. Wamama wamegawana wiki. Ada ya shule ya watoto inatoka kwenye sadaka kabla kanisa halijanunua kitu kingine chochote, hata kipaza sauti ambacho kwaya inakililia mpaka leo.

Siku ya Jumatatu hakuna anayebisha hodi kwa mchungaji isipokuwa kuna kifo. Hilo lilileta maneno kuliko magunia yote. Muumini mmoja aliuliza kikaoni kama shetani naye hupumzika Jumatatu. Kikao kikacheka, lakini uamuzi ukapita.

Lililokuwa gumu zaidi halikuhitaji mfuko. Mzee Sylvestre alikwenda nyumbani kwa mchungaji bila shida yoyote ya kumpelekea, akaketi, akamuuliza, "Na weye, uko namna gani?" Kisha akangoja. Mchungaji alijibu kwamba yuko salama, Bwana asifiwe. Mzee akarudi siku nyingine na swali lilelile, na nyingine tena. Hatimaye mchungaji alimweleza yanayomlemea, na waliomba pamoja, safari hii mzee ndiye aliyemwombea mchungaji.

Mchungaji Osée hakwenda Sange. Ndugu yake alitafuta mtu mwingine wa mashine. Akiulizwa leo kuhusu siku zile, anavua miwani, anaifuta kwa muda mrefu.

"Kutoa nilikuwa nimezoea," anasema. "Kupokea hakuna mwenye alinifundisha. Nilikuwa nafikiri nikisema niko na njaa, watasema imani yangu imekwisha."

Apolline naye alilipa bei yake. Mwisho wa mwaka ule kodi ilimshinda, akalazimika kumwachia muuza vitunguu nusu ya kibaraza. Yuko hapo mpaka leo, na harufu ya vitunguu vyake inaingia kwenye nguo za harusi. Apolline hamlaumu mtu. Ameanza kushona sare za shule, ambazo faida yake ni ndogo lakini haikosekani, na anapanga kuchukua wasichana wawili wa kanisa awafundishe kazi. Wamama wa Sange wamemwalika aende akazungumze nao. Anasema hatahubiri. Atawaambia tu kwamba kabla hawajamnunulia mchungaji wao kitu, wamuulize mke wake amepika nini.

Je, mchungaji amemsamehe? Swali hilo linamsimamisha mguu juu ya cherehani. Anasema wanasalimiana vizuri, na hata mchungaji alimwombea binti yake Divine alipokuwa na mtihani. Lakini hawajawahi kulizungumza lile jambo, na yeye hajui ndani ya moyo wa mwenzake kumebaki nini.

"Minye natumaini kitu kimoja," anasema. "Siku moja aombe kitu, kama muntu yeyote anavyoomba, bila kusikia haya. Hapo nitajua sikumuharibia."

Jua limefika utosini. Apolline anasukuma vitambaa pembeni, anafunua sufuria: ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani. Mwenye vitunguu tayari amenawa mikono. Barabarani anaonekana Mchungaji Osée akitoka hospitalini kwa miguu, mikono ya shati imekunjwa, vumbi mpaka magotini. Anafika kwenye ngazi, anasimama. Safari hii anapanda. Anaketi kwenye benchi la wateja na kuwasalimu wote, kisha anatazama sufuria.

"Mama Divine," anasema, "niko na njaa. Kuko kitu?"

Apolline anawageuzia mgongo, anainama kutafuta sahani nyingine, na anakawia sana kuitafuta, ingawa iko mbele yake.