Darasa Moja na Binti Yangu

Masharti aliyaweka binti yangu mwenyewe: tukifika tuisheni, hatujuani. Yeye apite njia ya mbele, mimi nizungukie nyuma kwa mafundi wa kuchomelea. Nilikubali bila kubisha, maana nilikuwa nakitaka Kiingereza kwa udi na uvumba. Shule niliiachia njiani nilipopata mimba yake. Sasa yeye yuko kidato cha nne, na mimi nimejiandikisha kufanya mtihani huohuo.

Darasa lilikuwa banda la mabati huku Manzese, na mwalimu wetu alikuwa kijana mwenye sauti ya muuza mitumba. Wanafunzi wenzangu waliniita sista, ingawa wengi wao walinijua kwa vitumbua ninavyouza asubuhi.

Siku hiyo tulisoma nomino zinazotokana na vitenzi. Build inakupa building, mwalimu akasema, toka nje ukaliguse. Decide inakupa decision, hiyo huwezi kuishika, iko kichwani tu. Nilifurahi kupita kiasi. Kumbe ni kama kwetu, jenga inazaa jengo, amua inazaa uamuzi! Miaka yote nilikuwa nakiogopa Kiingereza bure.

Sheria ya mwalimu ilikuwa moja: ukitaja kitu cha kushikika, kiguse kwanza, halafu utunge sentensi. Basi ikawa vurugu tupu. Mmoja akagusa mchoro ukutani, drawing. Mwingine akamshika mwalimu bega, teacher, banda zima likaangua kicheko. Mwalimu akasema yuko sahihi, mtenda naye anashikika.

Zamu yangu ikafika.

"Sista, refuse inatupa nini?"

Nilikuwa nalijua hilo, refusal, kule kukataa. Nililikariri asubuhi ileile nikichoma vitumbua. Nikasimama, ulimi ukagoma. Refuse... refuse... Nyuma yangu msichana mmoja akanong'ona, ila kwa sauti ya kusikika na wote, "Bi mkubwa si angebaki tu na vitumbua vyake."

Wakacheka. Binti yangu, benchi la mbele, kainamisha kichwa. Niliumia, siwezi kudanganya, na kilichoniuma si maneno ya yule msichana. Kilichoniuma ni kile kichwa kilichoinama. Nikaanza kukusanya vitu vyangu niondoke.

"Haya, wewe hapo mbele," mwalimu akamwita binti yangu. "Learn."

Akanyanyuka. Nilidhani anaenda ubaoni, lakini akayapita mabenchi mpaka la kwangu, akaniwekea mkono begani na kunikalisha chini.

"Learner," akasema.

"Sentensi?"

Akajaribu Kiingereza, kikamkwama. Akawageukia wale wa nyuma.

"Huyu mama yangu. Nyie mkiwa bado mmelala, yeye kashachoma vitumbua na kashasoma. Mwenye neno aniambie mie."