Mtoto Anajinyoosha

Kwa miaka mingi, kwenye zahanati ndogo ya huku Ulaya, kijiji chetu cha wilaya ya Kilosa, siyo ile ya kwenda kwa ndege, niliwafundisha wajawazito somo lile lile: "Ukisikia uchungu kabla ya mwezi wa tisa, acha jembe, njoo." Nilijiona mkunga hodari. Sauti ninayo, na anayesinzia kwenye benchi namwita mbele ayarudie maneno yangu.

Mmoja aliyarudia vizuri kuliko wote, na bado alikuwa amepoteza watoto njiti wawili, wote waliozaliwa mwezi wa saba. Alipokuja na mimba ya tatu nikamfokea, Mungu anisamehe.

"Uchungu ulipoanza, kwa nini ulikaa nyumbani?"

"Sikukaa, mama. Ulipoanza tu nikaondoka. Mtoto akatokea njiani."

"Na kabla ya uchungu?"

"Hapakuwa na kitu. Mtoto alikuwa anajinyoosha tu. Tumbo linakuwa gumu, linalegea, siku nzima."

Nikaketi. Niliwauliza wenzake wote, jibu likawa moja: uchungu ni ule wa kung'ata kanga. Tumbo kukaza bila kuuma ni mtoto anajinyoosha, na mama mkwe anafurahi kwamba ana nguvu. Kumbe nilikuwa nawafundisha kusubiri. Niliona aibu, na mpaka leo haijaniisha.

Tangu siku hiyo sikuanza tena na neno uchungu. Nikawashikisha paji la uso, kisha shavu. Tumbo likiwa gumu kama paji, likalegea kama shavu, likarudia hivyo mara nne kabla wali haujaiva, njoo, hata kama unacheka. Mkojo ukiunguza, au ukiona maji au damu, usihesabu, njoo.

Mwezi wake wa saba ulipoingia, mimi ndiye niliyekosa raha. Siku ya gulio, saa nne asubuhi, nikamwona analetwa na mumewe kwa baiskeli, anatabasamu kwa haya.

"Shikamoo, mama. Amejinyoosha mara tano, na wali nimeuacha na maji yake."

Benchi zima likacheka. Mimi nilimshika tumbo, nikaandika karatasi ya rufaa. Hospitalini Kilosa wakakuta maambukizi ya mkojo, wakayatibu, wakamchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, wakamlaza mpaka tumbo likatulia. Alirudi kijijini na tumbo lake, akafikisha mwezi wa tisa.

Juzi alimleta binti aliyemzaa kupimwa uzito. Nilimpokea kwa mikono miwili, mzito kwelikweli. Akapiga miayo, akakunja ngumi, akajinyoosha mpaka kofia ikamdondoka. Kwa mazoea, mkono wangu mmoja ukaenda tumboni kwa mama yake.

Akacheka. "Mwache, mama. Sasa ajinyooshe mpaka achoke."